Msimfanye Ambedkar bango la darasani

Juzi nimetumiwa tena ile picha ya B. R. Ambedkar, miwani na suti, chini yake maneno: mtoto wa tabaka la chini aliyesoma kwa bidii mpaka akaandika Katiba ya India. Safari hii aliyeituma ni mpwa wangu wa kidato cha nne, na akaongeza lake: "Mjomba, kweli elimu ni ufunguo wa maisha." Nimeshindwa kumjibu kwa mstari mmoja.

Kusoma alisoma, hilo silipingi. Chuo Kikuu cha Columbia, London School of Economics, uwakili wa Gray's Inn, shahada mbili za uzamivu. Lakini shuleni alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani, na jioni alirudi nalo, maana yeye alikuwa Dalit, wale walioitwa "wasioguswa", na mfagiaji asingeligusa. Akishikwa na kiu alimngoja tarishi aje kumfungulia bomba. Siku tarishi hayupo, hakunywa.

Sasa, mjomba, tazama 1917. Ametoka New York na London, anakwenda Baroda kuitumikia serikali ya Maharaja aliyemlipia masomo. Mji mzima hana pa kulala. Akaingia nyumba ya wageni ya Waparsi, jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi, kwa jina la kuazima. Siku ya kumi na moja, wanaume kama kumi na wawili wakampandia ghorofani na fimbo mkononi: jioni hii usiwemo humu. Rafiki yake Mhindu akamwambia, ukija kwangu watumishi wangu wataondoka. Rafiki Mkristo naye akatoa udhuru. Msomi wa vyuo viwili vikubwa akaenda kukaa bustanini, akingoja treni ya usiku ya kurudi Bombay. Miaka 18 baadaye aliandika kwamba hajawahi kulikumbuka tukio lile bila machozi.

Ufunguo alikuwa nao. Mlango ulitiwa komeo kwa ndani, na komeo halina tundu la ufunguo. Mtoto akiambiwa asome tu, siku akifukuzwa mlangoni ataamini kosa ni lake, kwamba hakusoma vya kutosha. Hilo ndilo linalonikera katika picha hiyo.

Mtaniambia Gandhi naye aliupinga ubaguzi huo. Aliupinga, sawa. Lakini 1932 alifunga kula gerezani mpaka Ambedkar akakubali kuachia haki ya watu wake kuchagua wabunge wao peke yao, na mimi bado linaniuma.

Katiba yenyewe, kamati ya kuiandika ilikuwa ya watu saba. Mbunge T. T. Krishnamachari alieleza bungeni kwamba mmoja alijiuzulu, mmoja alifariki, mmoja alikuwa Marekani, na mzigo ukamwangukia Ambedkar, naye akiwa mgonjwa. Kifungu cha 17 kikafuta hali ya binadamu kuwa asiyeguswa, na kikapiga marufuku kumtendea mtu hivyo kwa namna yoyote. Mwaka 1951 akajiuzulu Uwaziri wa Sheria baada ya muswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki ya urithi na talaka kukwamishwa. Uchaguzi uliofuata, Bombay ikamwangusha.

Ukitaka picha ya kuwatumia wenzako, mjomba, chukua ya Mahad, tarehe 20 Machi 1927. Manispaa ilishatangaza bwawa la Chavdar ni la watu wote, na wanyama walikunywa humo siku zote, ila Dalit hakuthubutu. Ambedkar akaongoza maelfu mpaka ukingoni, akainama, akateka kwa kiganja, akanywa. Wote wakanywa. Siku hiyohiyo walipigwa na Wahindu wa tabaka la juu, na bwawa likaja kutakaswa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe. Kisha Wahindu hao wakamshitaki Ambedkar, wakidai bwawa ni mali yao binafsi. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, naye hakuiacha, mpaka Mahakama Kuu ya Bombay ilipoyatupa madai yao tarehe 17 Machi 1937. Miaka kumi kasoro siku tatu, kwa kiganja cha maji.