Marsabit: nyasi zikiota ndipo mifugo huibwa

Kiangazi kikikaza kaskazini mwa Kenya, hadithi huwa imeshaandikwa: malisho yamekwisha, kwa hiyo wafugaji wanauana. Wasomi nao wamelibishania jambo hili kwa takwimu za bara zima. Mwaka 2009 Marshall Burke na wenzake walidai kuwa miaka ya joto zaidi Afrika ndiyo iliyozaa vita vingi vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata Halvard Buhaug akasema uhusiano huo hauonekani. Tuwaache huko. Marsabit kuna jambo la kushangaza zaidi.

Watafiti Karen Witsenburg na Wario Adano walilinganisha kumbukumbu za mauaji na za mvua katika eneo hilo. Walikuta watu wengi zaidi wakiuawa miaka ya mvua kuliko miaka ya ukame, karibu mara mbili.

Anayejua uvamizi unavyofanyika hashangai. Ng'ombe aliyekonda hawezi kuswagwa usiku kucha, na njia isiyo na maji humuua mwizi pamoja na alichoiba. Mvua ikinyesha, mifugo hupata nguvu, vichaka hufunga na kuwa maficho, nyayo hufutika, madimbwi hujaa njiani. Na vijana wanakuwa na nafasi. Kiangazi hawana: kwenye visima virefu vya Waborana wanaume husimama mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi kwenye birika, huku aba herega akipanga zamu, kundi la nani linywe leo na la nani lisubiri. Ukimuua jirani yako wakati huo, umejifungia kisima. Ndiyo maana njaa, ambayo sisi wa mjini tunadhani huwageuza watu fisi, mara nyingi huwakalisha wazee chini kuombana ruhusa ya kulisha. Makubaliano ya Modogashe ya 2001, ya jamii za wafugaji wa kaskazini, yaliuweka utaratibu huo katika maandishi: mfugaji anayehama aombe kwanza kwa wenyeji.

Hata hivyo, wanaonyoosha kidole kwa tabianchi hawaoti ndoto. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu. Zamani familia ilipata miaka kadhaa ya kujaza boma kabla ya pigo jingine. Sasa mapigo yanafuatana. Aliyefilisika anasubiri nyasi ziote, kisha anaenda kujilipa kwa jirani. Kwa njia hiyo ukame wa mwaka huu unaweza kuua mwaka ujao. Na si kila mara husubiri: Februari 2023, kiangazi kikiwa kikali, serikali ilipeleka jeshi Bonde la Ufa kaskazini kwa sababu ya majangili.

Lakini deni la mifugo peke yake halielezi Turbi. Julai 2005 wavamizi waliingia kijiji hicho cha Wagabra wakaua makumi ya watu, wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Mtoto wa shule hana malisho ya kunyang'anywa. Wala halielezi bunduki, ambazo zilifurika kwa Wakaramoja wa Uganda baada ya kambi ya jeshi ya Moroto kuporwa 1979, zikasambaa hadi kwa majirani zao wa Kenya. Wakati wa vurugu za Laikipia 2017 palikuwa na ukame, ndiyo, ila palikuwa pia na uchaguzi mkuu wa Agosti na mgogoro wa ardhi wa tangu enzi za mkoloni. Mwanasiasa akiulizwa kuhusu maiti akajibu "mabadiliko ya tabianchi", amejiondolea mzigo kwa sentensi moja, maana mvua haiitwi mbele ya tume.

Hofu yangu iko kwenye fedha. Tukiamini kwamba upungufu wa maji ndio unaoua, dawa itakuwa kuchimba visima, na vinachimbwa. Kisima cha pampu kikiwekwa katikati ya malisho ya akiba, watu huhamia hapo moja kwa moja, nyasi za kiangazi huliwa mapema, na ukoo mmoja huanza kusema maji ni yao kwa kuwa mbunge ni wao. Pale palipokuwa na zamu na aba herega, sasa pana mtu mwenye ufunguo wa pampu.