Video mmeiona, sasa sikieni na mwanzo wake

Najua mmeshaiona ile ya mimi kifua wazi kwenye gari, honi inalia, maana jamaa yangu kaisambaza kabla hata sijavaa shati. Ila mwanzo kaukata, na mwanzo ndio unanitetea.

Gari yangu mnaijua, ni ya zamani. Feni ya rejeta ilikuwa haizimi. Unazima gari, unachomoa funguo, unaenda kulala, yenyewe inapuliza tu, asubuhi betri imekata roho. Wote mkaniambia ni sensa ya joto. Nikachomoa soketi ya sensa pale kwenye rejeta, feni wala haina habari. (Sensa yangu ni swichi tu, ukichomoa feni inatakiwa isimame. Gari nyingi za kontroli boksi, yaani kompyuta, ni kinyume, ukichomoa ndio feni inawaka, msije mkanilaumu.) Basi nikasema hii ni rilei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, pointi zake za ndani zimeungua zikashikana, umeme unapita muda wote.

Kuhakikisha rilei si kazi, unaazima inayofanana nayo hapo hapo kwenye boksi la fyuzi. Ya honi ilikuwa pacha wake. Nikaiweka kwa feni, feni kimya! Nikajipongeza kwa sauti. Halafu ile mbovu, ili isipotee, nikaichomeka tundu la honi.

Wenye akili mshaelewa. Mimi nilikuwa nimeinama, sikio liko juu ya honi yenyewe.

PAAAAAAAAA.

Nikaruka, kisogo kikagonga boneti, boneti ikachomoka kwenye kifimbo chake, kichwa nikawahi, mikono nikawahi, shati halikuwahi. Boneti ikajifunga. Cha kufungulia kiko ndani chini ya usukani, na mkono wangu unaishia kwenye taa. Navuta shati, shati linanivuta mimi, honi haipumui. Mzee wa ghorofa ya juu akatoa kichwa dirishani ananyooshea kidole, na mimi kwa malezi niliyopewa nikamwamkia. Akapiga kelele sijui anasema nini, nikadhani hajasikia, nikarudia kwa nguvu zote, SHIKAMOO MZEE! Akaja mtoto, akanisogelea sikioni kwa upole kabisa, "Anko, gari imekukamata?" Na jamaa yangu huyo hapo, simu juu, namwambia fungua mlango uvute kile kidude, ananionesha kwa mkono eti hasikii. Muongo! Mlango wenyewe ndio alikuwa kauegemea!

Ikabidi nianze kufungua vifungo. Kimoja kimoja, mbele ya kadamnasi, mikono inatetemeka, na kile cha tumboni mnajua kinavyobana jamani, hicho ndicho kilichogoma. Nikakikata. Nikazunguka gari kifua wazi, kitambi kimetangulia, nikamsukuma jamaa, nikavuta, nikarudi nikachomoa rilei. Honi ikanyamaza, ndio nikasikia watu walivyokuwa wanacheka.

Ile rilei mbovu nimeipima kwa testa: mguu wa 30 na wa 87, ndiyo njia ya umeme wa feni, testa inalia bila hata kuipa umeme 85 na 86, miguu ya kuiwasha. Yaani nilikuwa SAHIHI, hilo hamsemi. Nimeweka mpya, na mota ya feni nitaipima inakula ampea ngapi, maana ikichoka inavuta umeme mwingi na ndio inaunguza rilei. Shati limekwisha kwa grisi. Na mnaonitumia voisi noti za honi nimewaona, hasa wewe admini, ile ya dakika nzima nimeisikiliza mpaka mwisho nikidhani utaongea.