Tafiti zetu zinaishia hotelini

Kuna wazo nimelikuta kwa Watanzania wenzangu hapa Cardiff, Wales, na nikishuka Dar nalikuta vilevile: kwamba Wazungu wametuacha mbali kwa sababu wao wanafanya utafiti na sisi tunapiga soga. Mimi nakataa. Nyumbani tunatafiti, tena sana. Tofauti ninayoiona ni kwamba huku utafiti umetengenezewa njia ya kumrudia yule aliyeulizwa maswali, na kwetu njia hiyo inakatikia mahali fulani kati ya ukumbi wa hoteli na kabati la maktaba.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na sasa nasomea uzamivu kwenye usimamizi wa miradi ya ujenzi. Mke wangu ni muuguzi katika kitengo cha utafiti hospitalini. Binti yetu yuko shule ya msingi inayofundisha kwa Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales. Ndiyo maana haya mambo matatu, afya, lugha na zege, kwetu yanajadiliwa pamoja wakati wa chakula, mara nyingine kwa sauti ya juu.

Kwenye afya nyumbani tuna la kujivunia, na nashangaa hatulisemi. Miaka ya mwisho ya 1990, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara waliingiza vyandarua vyenye dawa katika maduka ya wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Jina linaeleweka bila mkalimani. Wakafuatilia kaya, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo: watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 27. Kufika 2004 nchi ikawa na Hati Punguzo. Mama mjamzito alipewa karatasi kliniki, akaipeleka dukani, akaongeza hela kidogo, akaondoka na chandarua. Dada yangu mkubwa alikipata cha kwake hivyo. Utafiti ule ulifika hadi kitandani kwa watu.

Lakini angalia chanjo ya malaria. Majaribio makubwa ya chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, yalifanyika kati ya 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, na Bagamoyo na Korogwe zilikuwemo. Chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya awamu iliyofuata mwaka 2019, ilikwenda Ghana, Kenya na Malawi. Nchi hazichaguliwi kwa upendeleo, vigezo vilikuwepo. Hata hivyo mama wa Korogwe aliyembeba mwanawe akachomwe sindano na kutolewa damu alistahili kuelezwa vigezo hivyo mapema kuliko mtu yeyote wa Geneva, kwenye makao makuu ya Shirika la Afya Duniani.

Huku nimeona utafiti ukikimbia. Machi 2020 Oxford walianzisha RECOVERY, jaribio la dawa za kutibu korona, katika hospitali nyingi za Uingereza, na tarehe 16 Juni mwaka huohuo wakatangaza kwamba dexamethasone, dawa kongwe ya bei ndogo ambayo hata kwetu ipo, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Siku hiyohiyo ikaanza kutumika rasmi wodini. Mke wangu anasema kinachomvutia zaidi kwenye kazi yake si kasi hiyo. Ni kwamba fomu za ridhaa kwanza zinapitiwa na wagonjwa wa kawaida, wazee wasio na digrii yoyote, wanaokaa kwenye kamati na kusema "hii barua ndefu, aya hii haieleweki, fupisheni." Na profesa anafupisha. Fomu zenyewe hapa Wales zinatolewa kwa lugha mbili.

Kwenye lugha ndipo ninapopandwa na hasira. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 wanaozungumza Kiwelisi hapa Wales. Wilaya ya Temeke, Dar, peke yake ina watu zaidi ya mara mbili ya hao. Na bado binti yangu anasoma hesabu na sayansi kwa lugha hiyo, akitaka ataifanyia mitihani ya sekondari, na tangu 2011 kuna chombo cha kitaifa, Coleg Cymraeg Cenedlaethol, cha kuendeleza masomo ya chuo kikuu kwa Kiwelisi. Juzi kanieleza jinsi moyo unavyosukuma damu, ngumi yake ndogo ikifumba na kufumbua juu ya meza. Alipokosa neno la Kiswahili alichomeka la Kiwelisi akaendelea. Somo lilikuwa limemwingia. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza niliyekuwa mimi angenakili mchoro wa moyo vizuri sana, na mishale yake yote, na asijue damu inatoka wapi inakwenda wapi.

Sisi utafiti wa jambo hili tunao wa kujaza chumba. Watafiti Mlama na Materu waliandika 1978. Ikaja Tume ya Makweta ya 1982, tume ya rais juu ya elimu, iliyopendekeza sekondari ihamie Kiswahili. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima shuleni wakakuta Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kusomea masomo mengine, na dawa waliyoandika ni kuongeza Kiingereza! Kuanzia 2002 LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwemo Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukafika hadi kulinganisha wanaofundishwa mada ileile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa lugha wanayoielewa walielewa. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ikafungua mlango wa kufundishia kwa Kiswahili. Lakini nenda leo shule yoyote ya kata, kidato cha kwanza, usikilize mwalimu anavyoeleza kwa Kiswahili cha chinichini halafu anaandika ubaoni kwa Kiingereza.

Nilipoandika haya kwenye kundi la familia, shemeji alinijia juu: "Wewe umekaa Ulaya, mtoto wako Kiingereza anakijua, sisi unatuambia tubaki na Kiswahili." Ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba watoto wa shule za Kiwelisi wote wanamaliza wakijua Kiingereza, kwa sababu kinafundishwa kama somo, na walimu waliosomea kukifundisha. Hakuna aliyewapokonya. Dada yangu amempeleka mwanawe ingilishi midiamu na simlaumu, mzazi anacheza na kadi alizogawiwa. Ninaowalaumu ni wanaogawa.

Sasa majengo. Ijumaa Kuu ya 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar, liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Wiki iliyofuata kila mtu mitandaoni alikuwa mhandisi. Kumbe wanafunzi wetu wa majengo wameshaandika miaka nenda miaka rudi juu ya udhaifu wa saiti zetu: usimamizi hafifu, zege lisilopimwa, sakafu za nyongeza ambazo kwenye ramani hazimo. Tasnifu zipo, zimejalidiwa rangi nyeusi na maandishi ya dhahabu mgongoni.

Nilikuwa na dodoso langu kwenye saiti moja ya Mbezi. Zege linachanganywa chini na kupandishwa kwa makarai, mkono kwa mkono, jua la saa saba. Likifika ghorofa ya tatu limeshaanza kukaza, na kijana wa saidia fundi analimwagia maji ya ndoo ili lilainike. Kila mkadiriaji na mhandisi anajua maji yale yanaiba nguvu ya zege. Vile vibonge vya sentimita 15 vinavyovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28 vitasema, kama kuna aliyevitengeneza. Kijana hajui, na hakuna siku aliyoambiwa. Nilipomsogelea fundi mkuu na maswali yangu akacheka: "Kaka, mmeshakuja wengi na makaratasi. Majibu yenu hatujawahi kuyaona." Akajibu dodoso lote, kwa adabu tu.

Huku, kwenye saiti ninazokwenda, asubuhi kabla ya kazi kuna kikao cha dakika chache watu wakiwa wamesimama, anatajwa aliyeumia saiti nyingine na kwa nini. Wafanyakazi wakiwa Wapolandi na Waromania, mabango yanabandikwa kwa Kipolandi na Kiromania.

Isionekane nasifia mkate wa jirani. Mwaka 2009 moto uliua watu 6 katika jengo la Lakanal House, London. Mwaka 2013 mchunguzi wa vifo aliishauri serikali ipitie upya mwongozo wa kanuni za moto. Mwongozo ulikuwa bado haujarekebishwa Juni 2017 lilipowaka ghorofa jingine la London, Grenfell, na kuua 72. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa Grenfell ilitoka Septemba 2024, miaka 7 baadaye, ikisema vifo vyote vingeweza kuepukika. Kabati la kusahaulia ripoti wanalo na wao. Ila manusura walikaa ndani ya ukumbi wa uchunguzi, na ripoti nzima naweza kuifungua kwenye simu nikiwa ndani ya basi.

Kwetu, kabla ya kumhoji fundi wa Mbezi, nilizunguka na barua kutoka mkoa hadi wilaya, wilaya hadi halmashauri, halmashauri hadi kwa mtendaji wa kata, kila ofisi na mhuri wake. Sikatai, na huku karatasi zipo, tena nyingi. Kinachonikera ni kwamba barua zile zote zinauliza nakwenda kuchukua nini, na hakuna hata moja inayouliza nitarudisha nini huko mtaani. Kisha matokeo yakipatikana inaitishwa warsha hotelini: bango la wafadhili, chai ya saa nne na sambusa, mada kwa Kiingereza, picha ya pamoja, bahasha ya nauli. Fundi hayupo. Mama wa Korogwe hayupo.

Ningekuwa na mamlaka, mhuri wa mtendaji wa kata ungetoka kwa ahadi ya maandishi: ukurasa mmoja wa Kiswahili, matokeo na la kufanya, unabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa na unasomwa kwenye mkutano wa hadhara. Shemeji, ambaye hajaacha kunibishia, kauliza nani atalipia. Ukurasa mmoja, nakala kumi, na gundi. Sambusa za warsha moja zinalipa na chenji inabaki.