Sumaku Kichwani: Tiba ya Parkinson au Nguvu ya Matarajio?

Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya umeme ikishikiliwa juu ya kichwa inaweza kuufanya mkono ushtuke, bila sindano wala kisu. Sumaku ya koili hiyo, yenye nguvu ya tesla 1.5 hadi 2, hudumu kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huo unatosha kuzaa umeme mdogo ndani ya ubongo na kuziamsha chembe za neva. Miaka iliyofuata watafiti walianza kuuliza: mapigo hayo yakirudiwarudiwa kila siku, je, yanaweza kumtibu mtu ambaye mwili wake unatetemeka, unakakamaa au haumtii?

Anayetaka jibu liwe "ndiyo" ana sababu nzuri. Ugonjwa wa Parkinson huua chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Vidonge vya levodopa husaidia sana mwanzoni, lakini miaka ikipita dawa huanza kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, na mwili hujinyonganyonga wenyewe. Upasuaji wa kupandikiza elektrodi, yaani nyaya za kupeleka umeme ndani ya ubongo, ulioruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa mitetemo, kisha 2002 kwa Parkinson, una ushahidi mzito, ila ni lazima fuvu litobolewe na si kila mgonjwa anafaa kufanyiwa. Kati ya kidonge na kisu, sumaku inavutia.

Lipo tatizo la kina ambacho sumaku hufika, hata hivyo. Koili ya kawaida hufika sentimita mbili au tatu tu chini ya ngozi ya kichwa, na viini vilivyoathirika, yaani vikundi vya chembe za neva vya ndani ya ubongo, viko mbali zaidi. Watetezi hujibu kwamba ubongo ni mtandao: ukigusa gamba la juu, ujumbe unashuka. Na hawasemi hewani. Mwaka 2001, Antonio Strafella na wenzake huko Montreal walisisimua sehemu ya mbele ya ubongo wa watu wenye afya, wakaona kwa picha kwamba dopamini imeongezeka katika viini vya ndani.

Mwaka 2006 Strafella huyohuyo alichapisha utafiti mwingine, safari hii kwa wagonjwa wa Parkinson na kwa koili bandia, isiyosisimua ubongo. Dopamini ikaongezeka tena. Kilichoiongeza ni kutarajia nafuu.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote. Wapinzani wanakosea wanapoyageuza matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba wagonjwa wanajidanganya. Dopamini ile ilikuwa ya kweli na ilionekana kwenye picha. Lakini watetezi nao hawawezi kuyapita kimya. Koili halisi hupiga kelele na hutikisa misuli ya kichwa, na ile bandia isipotengenezwa vizuri, mgonjwa anakisia upesi yuko kundi gani. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kututenganishia sumaku na matumaini, hata ukiwa na tarakimu nzuri kiasi gani.

Haimaanishi hakuna kitu. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2020 uliupa usisimuaji wa kasi kubwa, yaani wa mapigo mengi kwa sekunde, ukielekezwa kwenye eneo la ubongo linaloongoza mwendo pande zote mbili, daraja la "huenda unafaa" kwa dalili za mwendo za Parkinson. Ni daraja la heshima, ila si la juu. Kwa distonia, yaani misuli kujikaza yenyewe, na mitetemo mingine ushahidi ni mwembamba zaidi, mara nyingi wa vikundi vidogo vya wagonjwa.

Kwa hiyo napima hivi: kama nyongeza ndani ya utafiti, njia hii inastahili fedha na subira. Kama huduma ya kuuzwa kwa mtu aliyekata tamaa na vidonge, bado. Isichanganywe na ruhusa ya Marekani ya mwaka 2008 ya kutibu kwa sumaku hii, ambayo ilihusu sonona, si mwendo. Kinachokosekana ni majaribio makubwa yenye koili bandia isiyotambulika, yanayomfuata mgonjwa kwa miezi badala ya wiki, na yanayopima kama anatembea na kufunga vifungo vyake vizuri zaidi nyumbani. Mpaka hapo, anayeshawishiwa alipie vikao aulize nafuu hudumu muda gani, na aseme mapema kama ana elektrodi, chuma kichwani au historia ya kifafa.