Likizo ndefu na mtoto mdogo: tumpangie masomo au tumwache acheze?

Likizo ndefu ikikaribia wazazi wa watoto wadogo tunagawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema muandalie ratiba, asubuhi hesabu, mchana kusoma, jioni programu ya kujifunzia kwenye tableti, la sivyo akirudi shule atakua kasahau kila kitu. Na kuna wanaosema mtoto wa miaka 4 au 6 muache acheze, ndo maana ikaitwa likizo. Naandika hapa kwa sababu hawa wa pili wanaonekana wazazi wavivu wasiojali elimu ya watoto wao, na hiyo naona sio haki kabisa.

Hofu ya kusahau haikuzuka tu. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti 39 kuhusu alama za wanafunzi kabla na baada ya likizo ya kiangazi, wakakuta kwa wastani mwanafunzi anarudi nyuma kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu ndo inaumia zaidi. Huo mwezi mmoja umetembea mno tangu hapo. Halafu kuna utafiti wa Baltimore, mji wa hukohuko Marekani, ulioanza 1982, ukawafuatilia watoto kuanzia darasa la kwanza, ukasema pengo kati ya watoto wa familia zenye uwezo na zisizo na uwezo linapanuka hasa kwenye miezi ya likizo. Mzazi ukisoma hivyo lazima moyo uende mbio, unakimbilia vitabu vya mazoezi.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo, maana huo mwezi mmoja ndo unaotutesa. Mwaka 2019 Paul von Hippel, mtafiti ambae mwenyewe alikua anaamini sana habari hii, aliandika kwamba alirudi kuangalia zile takwimu na imani ikamtoka. Shida ilikua kwenye mitihani yenyewe: mtoto kabla ya likizo anapewa mtihani wa darasa lake, akirudi anapewa wa darasa la juu wenye maswali tofauti, halafu alama zinalinganishwa kana kwamba ni mtihani uleule, yani ni kama kumpima mtoto urefu kwa rula mbili zisizolingana halafu useme kapungua. Walipotumia mitihani ya kisasa zaidi, lile pengo la kupanuka kila likizo halikuonekana tena vile. Kilichobaki ni kwamba karibu watoto wote wakiwa likizo wanajifunza polepole kuliko wakiwa shule, jambo ambalo sidhani kama linamshangaza mtu, na ni tofauti sana na kusema wanapoteza.

Na kingine, hao waliopimwa ni wanafunzi wenye kanuni za hesabu na tahajia za kusahau. Mtoto wa miaka 4 hana jedwali la kuzidisha la kupoteza, anachojenga ni lugha, kuhesabu vitu anavyovishika, kusubiri zamu yake, kuvumilia akishindwa. Hivyo vyote vinakua kwenye mchezo, tena haraka. Watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008 utafiti ambao nadhani kila mzazi angepaswa kuusikia. Waliwachezesha watoto wa chekechea mchezo wa bodi yenye miraba ya namba 1 mpaka 10, mtoto anasogeza kete yake huku anataja kila namba anayoikanyaga. Basi. Vipindi 4 vya dakika 15 hadi 20 ndani ya wiki 2, jumla ni saa moja na kitu. Watoto wale wakawa wanajua vizuri zaidi namba ipi kubwa, ipi ndogo, na wiki 9 baadae bado walikua nayo kichwani, wakati wenzao waliocheza bodi ileile lakini ya rangi bila namba hawakusogea. Saa moja tu ya mchezo!

Upande wa ratiba nao wana hoja na sitaki kuzipita. Mzazi anaeshinda kazini hawezi kuambiwa muache mtoto acheze bila kuambiwa nani atakua nae, na siku isiyo na mpango wowote mara nyingi inaishia kwenye skrini, huo sio mchezo huru. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku na skrini ya kukaa tu isizidi saa 1, na mimi hata ile tableti ya jioni ya masomo ningeihesabu humo. Na mtoto aliyeanza kusoma akikaa muda wote huo bila kitabu ulimi unakua mzito, hilo nakubali. Lakini angalia kilichofanyika Florida, Marekani, mtafiti Richard Allington na wenzake waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu 12 kila likizo kwa miaka 3, na usomaji wao ukawa bora kuliko wa wasiopewa. Vitabu walichagua watoto wenyewe, hakuna aliewakalia na kalamu nyekundu.

Ndo maana mimi ratiba yangu ingekua fupi sana: hadithi moja kabla ya kulala, mchezo mmoja wa kete kwa siku, na mtoto apewe kazi za kweli za nyumbani, apange soksi mbilimbili, ahesabu sahani za watu waliopo. Muda uliobaki ni wake. Atakuja kulalamika hana cha kufanya, na hapo ndo wazazi wengi tunaharaka kumpa simu, lakini ukivumilia robo saa utakuta boksi tupu limeshakua basi, yeye dereva, mdogo wake abiria, na wanabishana nani ashuke kituo gani na nauli ni vifuniko vingapi. Hiyo ni hesabu, ni lugha, ni kujifunza kuelewana na mwenzio, na hakuna mtu mzima aliepanga. Ukitaka kuongeza la kwako, chukua kadibodi, chora miraba 10, andika namba, mkae chini mcheze wote.