Mungu Hakuwa na Kiu ya Damu

Ijumaa Kuu ikikaribia huwa nishajua mahubiri yatakavyokuwa: Mungu alighadhibika, ghadhabu yake ikadai damu, Yesu akajitokeza achapwe badala yetu, Baba akatulia. Nimeyasikia Unguja, nimeyasikia Wete, na kila mara huondoka kanisani nikiwa na kinyongo. Msalaba naupenda, ndiyo maana sipendi usimuliwe hivyo.

Huku visiwani Wakristo ni wachache, na majirani hawatuonei haya kutuuliza. Sikukuu ya Idi Kubwa mama wa nyumba ya pili hutuletea nyama, sahani imefunikwa kawa. Safari moja aliniuliza akiwa bado mlangoni: "Mwanangu, hebu nambie, huyo Mungu wenu mpaka aone damu ndipo asamehe?" Akaniambia kwao nyama na damu ya mnyama havimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni uchamungu wa mwenye kuchinja. Ndivyo ilivyo katika Sura ya Al-Hajj. Nikamjibu kuwa hata Zaburi ya 50 Mungu anauliza, tena kwa ukali, kwani yeye hula nyama ya mafahali na kunywa damu ya mbuzi? Akacheka, akadai kawa yake.

Swali lake lilinirudisha kwenye Walawi 16, sura ya Siku ya Upatanisho ya Waisraeli. Wahubiri wengi huipitia mbiombio. Mbuzi walikuwa wawili. Mmoja alichinjwa, damu yake ikaingizwa patakatifu kupatakasa, maana uchafu wa watu ulikuwa umepafikia hata pale. Wa pili ndiye Haruni aliyemwekea mikono yote miwili kichwani na kuungama juu yake maovu ya taifa zima. Na huyo hakuchinjwa! Alipelekwa nyikani akiwa hai. Basi aliyebebeshwa dhambi siye aliyechinjwa, na aliyechinjwa hakuwa anaadhibiwa. Ile habari ya mnyama kuuawa ili Mungu apoe hasira, katika sura hiyo mimi siioni.

Ilikotoka naijua kiasi. Mwishoni mwa karne ya 11 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza, alieleza kifo cha Kristo kuwa ni malipo ya heshima ambayo mwanadamu alimnyima Mungu. Wanamatengenezo wa karne ya 16, waasisi wa Uprotestanti, wakaleta lugha ya mahakama na adhabu. Ni watu wazito, sina ubavu wa kuwadharau. Ila Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuna Baba mkali huku na Mwana mpole kule. Anayetoa ni Mungu, na tunaopokea ni sisi.

Wapo watakaosema basi msalaba ni mfano wa upendo tu, yatosha. Hapo nao wananipoteza, na kinachonizuia kukubaliana nao ni Mkunazini, mjini Unguja. Kanisa kuu la Kianglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, enzi za Sultani Barghash. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na madhabahu, inasemwa, iko pale pale watumwa walipokuwa wakifungwa na kuchapwa. Nje kuna sanamu zao ndani ya shimo, shingoni minyororo ya kweli. Nenda kawaambie hao kwamba tajiri aliyewauza amesamehewa kwa damu ya mtu mwingine, deni limekwisha. Watauliza: na sisi je?

Wokovu unaomsafisha mkosaji peke yake na kumwacha aliyekosewa shimoni si habari njema kwa kila mtu. Yesu aliuzwa kwa vipande 30 vya fedha. Katika Kutoka 21, shekeli 30 ndiyo fidia aliyolipwa bwana ambaye mtumwa wake amepigwa pembe na ng'ombe akafa. Yesu alichapwa mijeledi, akafa kifo ambacho Warumi waliwapa sana watumwa na waasi. Mungu alishuka akasimama upande wa waliochapwa, na kutoka huko huko ndiko anakomsamehe aliyeshika mjeledi. Msamaha wa namna hiyo una gharama, na gharama ameibeba Mungu mwenyewe. Hiyo ndiyo kafara ninayoielewa mimi.

Ndiyo maana natamani Ijumaa Kuu moja tusomewe pia habari za Zakayo, yule tajiri mtoza ushuru, hata kama kalenda ya kanisa haimtaji siku hiyo. Yesu alipoingia nyumbani kwake hakumdai kitu, lakini Zakayo mwenyewe alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Baada ya hapo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba hiyo. Sisi tunaimba damu, damu, ibada ikiisha mtu anarudi kwenye kiwanja alichowapora mayatima wa ndugu yake, na mchungaji anakijua hicho kiwanja.