Android ni Linux? Mpaka kati ya keneli na mfumo endeshi

Kwenye vibanda vya mafundi simu vya Mwanjelwa, na hata kwa vijana wanaosomea kompyuta pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, hoja hii haiishi: Android ni Linux, kwa hiyo kila mwenye simu janja Mbeya tayari anatumia Linux. Kuna wanaoikataa kabisa. Kwao Linux ni mifumo endeshi ya kwenye seva, kama Ubuntu au Debian, na ya simu ni kitu kingine. Wote wana hoja ya kusikilizwa, ila kila upande unazungumzia tabaka lake.

Keneli ni programu inayoshika vifaa moja kwa moja. Inagawa muda wa prosesa, inagawa kumbukumbu, inasimamia mafaili, inazizuia programu zisiingiliane. Linux aliyoianzisha Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991 ilikuwa hiyo tu. Kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) na programu ya kupokea amri zilitoka mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, ambao ulikuwa na karibu kila kitu isipokuwa keneli iliyokamilika. Debian hadi leo inajiita GNU/Linux kwa sababu hiyo.

Wanaosema keneli ndiyo mfumo endeshi wenyewe hawabahatishi. Fungua somo lolote la mifumo endeshi chuoni: sehemu kubwa ni kazi za keneli. Na mdukuzi akiishika keneli, ulinzi wote wa juu yake hauna kazi tena.

Lakini chukua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Ubuntu, uipeleke kwenye simu ya Android yenye prosesa ya aina ileile. Kwa kawaida haitafunguka. Keneli zote mbili ni Linux, ila Ubuntu inatumia maktaba ya msingi (msimbo wa pamoja ambao programu huutegemea) ya GNU na Android inatumia yake, Bionic. Debian nao walifanya jaribio la kinyume: mwaka 2011 walitoa toleo lililotumia keneli ya FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, badala ya Linux, na sehemu kubwa ya programu zao ikaendelea kufanya kazi. Kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba mtumiaji anaishi ndani ya tabaka la juu.

Ushahidi wa Microsoft unavuta pande zote mbili. Mwaka 2016 waliwezesha programu za Ubuntu kufanya kazi ndani ya Windows bila keneli ya Linux: maombi ya programu yalipokelewa na kutafsiriwa kwa keneli ya Windows. Ilifanya kazi, lakini kushughulikia mafaili kulikuwa kwa polepole, na programu kama Docker, inayoendesha programu nyingine ndani ya vyumba vilivyotengwa, zilikwama. Toleo la pili, lililotangazwa 2019, likaleta keneli halisi ya Linux. Yaani keneli unaweza kuibadilisha, ila kuiigiza yote ni kazi ngumu mno.

Tafsiri pana ya mfumo endeshi, inayohesabu na vilivyo juu ya keneli, nayo ina hatari yake, na hii inanisumbua zaidi. Serikali ya Marekani ilipoishtaki Microsoft mwaka 1998, kampuni ilijitetea kwamba kivinjari cha Internet Explorer ni sehemu ya Windows yenyewe. Tukikubali kwamba mfumo endeshi ni chochote ambacho mtengenezaji ameamua kukiweka ndani, basi anaweza kumeza kazi ya kila mshindani wake. Mimi naweka mpaka hapa: mfumo endeshi ni keneli pamoja na vile ambavyo programu nyingine haziwezi kufanya kazi bila kuvikuta. Bionic imo. Programu ya picha haimo, hata kama imekuja na simu. Kwa kipimo hicho, Android ni mfumo endeshi wake wenyewe uliojengwa juu ya keneli ya Linux.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Keneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, kwa hiyo anayeuza simu yenye keneli hiyo anawajibika kutoa msimbo wa keneli hiyo. Sehemu kubwa ya Android ya juu iko chini ya leseni ya Apache, isiyo na sharti hilo.

Na simu iliyotumika, ambayo ndiyo wengi wetu tunanunua? Fundi anaweza kuiwekea Android mpya huku keneli ikibaki ya zamani, kwa sababu viendeshi vya chipu (programu zinazoiwezesha keneli kuiendesha chipu) viliandikiwa ile ya awali. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google yenyewe imetenganisha tabaka hizo ili la juu lisasishwe bila kusubiri la chini. Kwenye mipangilio ya simu, toleo la Android na toleo la keneli ni mistari miwili tofauti, na karibu yake kuna tarehe ya kiraka cha usalama. Fundi anayemwambia mteja kuwa amemwekea Android mpya amfungulie na mstari wa keneli, amweleze ni ya lini na kama bado inapokea marekebisho, kabla hajapokea hela.